Usalama wa Mji wa Njiani: Mhadhara kwa Wakaazi wa Kikopey



Nimeombwa nizungumze juu ya uhalifu mitaani na namna wakaazi wanavyoweza kujilinda. Kwa kawaida mada hii hupewa afisa wa polisi, naye huja na maagizo tunayoyajua sote: fungeni milango, wekeni taa, msitembee usiku, na mkimwona mtu msiyemjua mpigieni chifu. Sina ugomvi na milango wala taa. Ugomvi wangu ni na agizo la mwisho. Kikopey inakula kwa jasho la kuwapokea watu isiowajua. Barabara kuu inayotoka Nairobi kupitia Naivasha na Gilgil, ikaendelea Nakuru hadi mpaka wa Uganda, hutuletea madereva wa malori, jamaa wanaorudi Kisumu na Eldoret, wanafunzi, maharusi na waliotoka mazikoni. Wanashuka, wanachagua mguu wa mbuzi au mbavu za kondoo, wanakula, wanaondoka. Karo za watoto wetu zimetoka mifukoni mwao. Ukimwambia mwenye choma amshuku kila uso mgeni, umemwambia afunge jiko.

Kwa hiyo nina hoja moja tu leo. Mji wa njiani haulindwi kwa kukagua nyuso. Hulindwa kwa kufuata vitu: nyama imetoka wapi, mnyama amepita na kibali cha nani, pesa zimeingia au hazijaingia, gari limeegeshwa tangu lini. Uso haukuambii kitu ambacho unaweza kukithibitisha mahakamani. Kibali, muhuri na namba iliyoandikwa kitabuni hukuambia.

Mifano ya hatari ya kukagua nyuso sihitaji kuitafuta mbali. Hapa jirani, kwenye shamba la Soysambu linalozunguka sehemu kubwa ya Ziwa Elementaita, maafisa wa Shirika la Wanyamapori, KWS, waliingia mwezi Aprili 2005 wakiwa wamevaa kiraia. Walikuwa wanachunguza biashara haramu ya nyama ya porini. Thomas Cholmondeley, wa ukoo wa Delamere, alimpiga risasi mmoja wao, Samson ole Sisina, akafa. Utetezi wake ulikuwa kwamba aliwadhania majambazi. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, aliiondoa kesi mahakamani, na Wamasai wengi wakaandamana kwa hasira. Haukupita mwaka mmoja na nusu tangu kifo hicho, Mei 2006, mtu mwingine, Robert Njoya, fundi wa mawe, alipigwa risasi katika shamba hilohilo. Safari hii kesi iliendelea. Mwaka 2009 Cholmondeley alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miezi minane.

Mengi yameandikwa juu ya kesi hizo, mengi yakiwa juu ya ardhi na rangi, na ni haki yaandikwe. Mimi nataka mtazame jambo dogo ambalo hupitwa haraka. Ole Sisina alikuwa anafanya uchunguzi wa aina ninayouombea mji huu: alikuwa anafuata nyama. Aliuawa na mtu aliyetazama watu wasiojulikana wakiwa shambani mwake, akaamua palepale wao ni nani. Mwenye shamba kubwa alifanya hivyo akiwa na bunduki. Sisi wengine hufanya hivyo kwa mawe na matairi, na tunaiita haki ya wananchi. Sheria haiiiti hivyo. Kenya inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Anayempiga mshukiwa hadi kufa ni mshtakiwa wa mauaji, hata kama mbuzi aliyeibwa alikuwa wake.

Tena tukumbuke Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Kikopey iko kati ya Nakuru na Naivasha, miji miwili iliyowaka moto mwishoni mwa mwezi ule. Naivasha, tarehe 27, watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Kabla ya mapanga kulikuwa na vikaratasi na ujumbe wa simu, na maneno yake yalifanana sana na tahadhari za usalama: kaeni chonjo, wako kati yenu, tunajua wanakoishi. Mtu mzima yeyote aliyekuwa hapa mwaka ule hapaswi kusambaza tena ujumbe unaotaja kabila la mwizi. Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka uleule wa 2008, nayo imelifanya kosa la jinai neno la kuchochea chuki za kikabila. Lakini hata bila sheria, ujumbe wa namna hiyo haufai kwa kazi. Kabila halina namba ya usajili.

Mtaniuliza: je, Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kujuana na kulindana? Mpango huo ulitangazwa na serikali ya Rais Uhuru Kenyatta mwishoni mwa 2013, baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, mwezi Septemba. Wazo lilitoka Tanzania, ambako chama cha TANU kiliweka mabalozi wa nyumba kumi katika miaka ya 1960. Kule balozi alimjua mwenye nyumba, mke wake, watoto wake, na shamba lake linapoishia. Hapa kwetu, ukiondoa familia za zamani, watu wengi wanapanga chumba. Kijana anachoma nyama miezi michache, anasikia kuna kazi kwenye maua Naivasha, anahama. Mzee wa Nyumba Kumi akimaliza kuandika majina, nusu ya wenye majina wamekwisha hama. Nawaheshimu wazee hao, wengi wanafanya kazi bila malipo, lakini wamepewa daftari lisilofaa. Wapewe la vitu.

Watanzania wenyewe wana funzo jingine, na hili hatukuliazima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi, wakichoshwa na wizi wa ng'ombe, waliunda sungusungu. Yowe likipigwa, kila mwanamume alitoka na upinde, wakafuata nyayo za ng'ombe kijiji hadi kijiji. Wizi ulipungua, na baadaye serikali ikawatambua kisheria. Ila palepale, baadhi ya makundi hayo yaliacha kwato yakageukia watu: bibi vikongwe wenye macho mekundu walishutumiwa uchawi, wakapigwa, wengine wakauawa. Watu walewale, upinde uleule. Tofauti ilikuwa kile walichokifuata.

Sasa nije kwa punda, kwa sababu hapo ndipo nafikiri mji huu ulishindwa, na ungeweza kushinda.

Kikopey ni pakavu. Maji ya kuosha sufuria za choma, ya kupikia ugali na ya kunawia mikono ya wageni yamebebwa kwa miaka mingi na punda. Kuanzia 2016 Kenya ilikuwa na machinjio ya punda yenye leseni, mawili kati yake yakiwa katika eneo letu la Bonde la Ufa: moja Naivasha, jingine Mogotio, kaunti ya Baringo. Kilichotafutwa zaidi ni ngozi. Wachina huichemsha kupata gundi ya dawa iitwayo ejiao, ambayo bei yake ilikuwa imepanda sana. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda takriban milioni 1.8 nchini. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilieleza kwamba kati ya 2016 na 2018 walichinjwa zaidi ya 300,000, kasi ambayo punda, anayebeba mimba karibu mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja, hawezi kuifidia.

Soko likiwa na njaa kiasi hicho, mwizi huzaliwa. Wenye punda katika kaunti za Nakuru, Baringo, Narok na kwingineko waliamka wakakuta kamba tupu. Angalieni ramani: anayetoka Naivasha kwenda Mogotio anapita hapa. Mnyama aliyeibwa hapa alikuwa na pande mbili tu za maana za kupelekwa, na zote zilikuwa kwenye barabara yetu. Lakini kila wizi ulichukuliwa peke yake. Mama mwenye mikokoteni miwili ya maji alihesabiwa kuwa amepotewa na punda, si kwamba kuna biashara inayonunua punda. Wengi hawakwenda hata kuandikisha, wakisema, "Punda tu, nani atanisikiliza?" Kwa mwenye zamu stesheni punda ni jambo dogo. Kwa anayeuza maji ni mtaji wote.

Mwishowe wizi huo haukupunguzwa na doria. Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji wa punda baada ya wafugaji kulalamika na kuandamana. Mei 2021 Mahakama Kuu iliifuta marufuku hiyo, lakini Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda barani kote. Kumbe dawa ilikuwa sokoni. Na waliolazimisha ipatikane ni wenye punda waliokubali kupiga kelele pamoja, wakiwa na hesabu ya walichopoteza.

Hesabu hiyo huanzia kwenye OB. Kila stesheni ina kitabu cha matukio, na kila taarifa inayoandikwa humo hupewa namba. Usiondoke kituoni bila namba hiyo. Hailipiwi, kama vile fomu ya P3 ya aliyejeruhiwa isivyolipiwa, na dhamana ya polisi isivyouzwa. Ukinyimwa au ukidaiwa kitu kidogo, kuna IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Taarifa kumi za punda kwenye kitabu kimoja, zenye saa na mahali, zinaonyesha njia na siku. Taarifa kumi zilizosimuliwa kwenye kibanda cha chai hazionyeshi kitu.

Na mkiandikiana kwenye simu, andikeni kwa namna inayofaa kwa kazi. Mtu akituma, "Kuna vijana wawili wageni wanazunguka, tukae macho," ameleta hofu bure, na pengine amemtia hatarini mtoto wa watu aliyekuja kutafuta kibarua. Akituma, "Jumanne saa nane usiku, punda wawili, mmoja ana kovu bega la kushoto, kamba imekatwa kwa kisu, kuna alama za magurudumu ya pikapu kuelekea lami, OB imeandikwa," mwenye bucha, dereva wa boda boda na polisi wa kizuizi cha barabarani wote wana la kufanya.

Yaliyosalia nitayapitia haraka, maana mengi mnayajua kuliko mimi. Mteja akilipa kwa M-Pesa, tazama simu yako, si yake. Ujumbe wa bandia unaweza kuandikwa hata na mtoto wa darasa la sita. Kwa laini ya Safaricom, ujumbe wa utapeli upeleke 333, pesa ulizotuma kimakosa peleka ujumbe wake 456, na ukibonyeza *106# utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kundi la Confirm kule mjini Nakuru, ambalo leo hutajwa kwa visu na ujambazi, lilianza kujulikana kwa utapeli wa simu, kwa hiyo msiuchekee kama wizi wa adabu. Wahudumu wa baa: kinywaji kilichoachwa mezani mwenyewe akienda msalani kimwagwe, maana dawa ya kulewesha iitwayo "mchele" haionekani kwenye glasi. Wenye vituo vya malori, andikeni namba ya gari na saa ya kuingia. Dharura ni 999 au 112. Idara ya upelelezi, DCI, hupokea fununu bila malipo na bila jina kwa 0800 722 203. Ukatili wa kijinsia ni 1195. Mtoto aliye hatarini, 116.

Neno la mwisho ni kwa wenye bucha na wenye choma, kwa sababu nyama ndiyo jina la mji huu. Anayeiba mfugo hufungwa hadi miaka 14. Kupokea mali ya wizi, ukijua, ni miaka 14 vilevile. Mbuzi wa bei ya kutupa anayeshushwa usiku bila kibali cha kusafirisha mifugo si bahati yako. Nawaomba kila mahali pa kuchinjia pawe na daftari moja: tarehe, mnyama na alama zake, aliyemleta na namba ya kitambulisho chake, kibali, na muhuri wa mkaguzi. Chifu alikague kila mwezi, na muhtasari wake usomwe barazani mbele ya wote, pamoja na idadi ya OB zilizoandikwa mwezi huo na ngapi zimefika mahakamani. Haihitaji bajeti ya kaunti wala kibali cha Nairobi. Daftari la kurasa 200 linauzwa hapo dukani. Nunueni kabla ya Jumatatu.