Lumbesa na Upendo wa Jirani



Nabii Amosi aliwakemea wachuuzi waliopunguza kipimo ili wamnyonye maskini. Kwetu Iringa hila hiyo imegeuzwa: mkulima anapouza, kipimo huongezwa. Ndiyo lumbesa.

Tuseme gunia la viazi la debe 6 ni shilingi 60,000. Kila debe ni shilingi 10,000. Likijazwa hata likafika debe 8 kwa bei ileile, debe moja limekuwa shilingi 7,500. Bei haikutajwa kushuka, lakini jasho la mkulima limeshushwa. Mbona anakubali? Viazi havingoji, deni la mbolea halingoji. Naye akikataa peke yake, mnunuzi huenda kwa jirani.

Sheria ya vipimo inakataza gunia kuzidi kilo 100. Basi sisi wa Kihesa, tulio wakulima na tulio wachuuzi, tukubaliane katika jumuiya zetu ndogondogo: tusifungashe lumbesa, wala tusiinunue. Tukikataa sote, mnunuzi hana jirani wa kumkimbilia. Kumpenda jirani ni pamoja na kutomwacha akatae peke yake. Amina.