Maji Safi si Zawadi ya Mwanasiasa



Vijana wenzangu wa Lugulu, na nyinyi mliotoka Webuye, Bungoma mjini mpaka Kitale, shukran kwa kufika. Nitasema machache kuhusu maji, kisha tugawane kazi.

Tuanze na hesabu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.4 walikufa kwa sababu ya maji yasiyo salama, vyoo vibovu na kukosa kunawa mikono. Gawanya kwa siku 365, unapata kama watu 3,800 kila siku. Watoto 395,000 kati yao hawakuwa wametimiza miaka 5. Wengi waliuawa na kuhara, ule ugonjwa ambao sisi hupuuza tukisema "ni tumbo tu, litapoa".

Usiniambie hayo ni ya mbali. Kipindupindu kilichozuka hapa Kenya Oktoba 2022 kilishika watu zaidi ya 12,000 na kuua takriban 200. Na huu ni ugonjwa ambao mgonjwa akipewa maji ya ORS mapema, karibu kila mtu hupona.

Sasa nisikizeni vizuri, maana hii inatuhusu sisi wa huku. Kuanzia 2012 watafiti waliandikisha kina mama wajawazito 8,246 katika vijiji vya Bungoma, Kakamega na Vihiga. Kuna waliopewa klorini ya kutia kwa maji, wengine wakaboreshewa vyoo, wengine wakapata kibuyu chirizi na sabuni, na wengine wakapewa vyote kwa pamoja. Watoto wao wakafuatiliwa kwa miaka 2. Matokeo yalianza kutoka 2018. Minyoo ilipungua kiasi pale maji yalipotiwa dawa, lakini kuhara hakukupungua. Hata kwa wale waliopewa kila kitu.

Kwa nini? Fikiria maisha ya mama wa kijijini. Klorini inataka akumbuke kila mtungi, kila siku, na kufikia mwaka wa pili nyumba nyingi hazikuwa na dawa majini. Tena kuna vimelea vya kuhara ambavyo klorini ya nyumbani haviui. Maji bado anayafuata chemchemini kwa mtungi wa lita 20. Juu ya mteremko kuna choo cha shimo cha jirani, mvua ikinyesha uchafu unashuka chini. Mtoto anatambaa uani penye kinyesi cha kuku na ng'ombe. Kibuyu chirizi kimoja hakiwezi kuzuia uchafu wa kijiji kizima.

Sisemi muache klorini. Tieni dawa, chemsheni, naweni mikono kwa sabuni. Klorini inaua vijidudu vya kipindupindu, na hiyo si jambo dogo. Ninachokataa ni ile tabia ya kumwachia mama mzigo wote, halafu mtoto akiugua tunamwambia alikuwa mchafu. Miji iliyomaliza kipindupindu ilijenga mabomba na mitaro ya majitaka kwa pesa ya umma. Haikugawa chupa za dawa na kwenda zake.

Na sheria yetu inasema hivyo hivyo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na haki ya usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa. Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya huduma za maji na usafi. Kwa hivyo mwanasiasa akija na tangi la plastiki wakati wa kampeni, mkipenda mpigieni makofi, lakini mjue hiyo ni haki yenu, na pesa ni zenu.

Kazi ni tatu. Kwanza, kila kundi liandike orodha ya chemchemi, visima na mifereji ya kijiji chake: ipi imelindwa, ipi imeharibika, choo kilicho karibu kiko umbali gani. Pili, tuiandikie kaunti barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tuulize pesa za maji za wadi yetu zilienda wapi. Wana siku 21 za kujibu. Tatu, tusingoje Juni bajeti ikishapitishwa ndio tulalamike. Mwelekeo wa matumizi hupelekwa bunge la kaunti kufikia 28 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili. Kwenye vikao vya maoni, twendeni na orodha yetu mkononi, si na hasira peke yake.

Na tusiende kama Waislamu peke yetu. Chemchemi tunachota pamoja na majirani wa kanisani, na kipindupindu hakiulizi mtu dini. Waiteni.