Ofisi ya Kutafutia Watu Kazi ni ya Nani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imetutaka tuseme leo juu ya ofisi za serikali zinazowasaidia watu kupata kazi. Huenda mtu akauliza: jambo hili latuhusu nini sisi tulio na kazi tayari? Latuhusu sana. Hapana mmoja wetu asiyekuwa na mpwa, shemeji au mtoto wa jirani anayemngojea barazani jioni, bahasha ya vyeti mkononi. Tena ofisi hizo haziendeshwi na mawaziri. Zaendeshwa na makarani, na zikiharibika huharibikia mezani petu.

Kwanza tulitazame neno moja la lugha yetu. Mtu wa kazi ya kutwa twamwita kibarua, na kibarua asili yake ni barua ndogo, yaani kile kipande cha karatasi alichopewa mtu kuonyesha kwamba amefanya kazi ya siku ile. Karatasi ikageuka kuwa jina la mtu. Tumelitaja hili kwa sababu habari yote ya leo ni habari ya karatasi: nani aiandika, nani aishika, na yamfaa nani.

Mfano uliochunguzwa vizuri kuliko mingi ni ule wa London, basi twende huko kwanza. Mwisho wa karne ya 19 makuli wa bandari ya London walikusanyika kila asubuhi kwenye malango ya gati. Msimamizi alitoka, akanyosha kidole: wewe, na wewe, na yule pale. Waliobaki walirudi kwao mikono mitupu. Mwaka 1889 makuli hao waligoma, wakapata peni 6 kwa saa waliyoidai. Ulikuwa ushindi mkubwa, walakini lango lilibaki pale pale, na kidole cha msimamizi vile vile.

Tangu mwaka 1903 alikaa mashariki mwa mji ule kijana msomi, William Beveridge. Wengi wakati ule walisema kwamba asiye na kazi ni mvivu au mlevi. Beveridge alitazama malango, akaona jambo jingine: kila gati liliweka kundi lake la watu wa akiba. Tufanye hesabu ya mfano tu. Yako magati kumi. Kila moja lataka watu 100 siku ya meli nyingi, na watu 50 siku ya meli chache. Siku za wingi hazilingani. Leo magati matano yana shughuli na matano yamelala. Basi watu 750 wangetosha kwa yote. Lakini kwa kuwa kila lango lataka kuwa na watu 100 wake wakisimama tayari, watakuja 1,000, na kila siku 250 watarudi bila kitu. Hao 250 si wavivu. Wamesimama kwenye lango lisilo na kazi kwa sababu hapana aliyewaambia siku ile kazi iko lango gani.

Hapo ndipo fikira ya ofisi ilipotoka. Mwaka 1907 Beveridge alikwenda Ujerumani kuzitazama ofisi za namna hiyo zilizokuwako huko, na mwaka 1909 akatoa kitabu chake, Unemployment: A Problem of Industry. Mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya ofisi za kutafutia watu kazi, iliyoletwa na Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa Wizara ya Biashara. Ofisi za kwanza zilifunguliwa tarehe 1 Februari 1910, na Beveridge mwenyewe akawa mkurugenzi wake.

Twaomba wanachama waangalie mambo mawili yaliyomo katika sheria ile, maana ni madogo kwa kuyasoma lakini yana uzito. La kwanza, ofisi iliruhusiwa kumkopesha mtu nauli ya kwenda mahali alikopatiwa kazi. Aliyeiandika sheria alijua kwamba habari ya kazi iliyo mbali haimfai mtu asiye na nauli. La pili, mtu aliyekataa kazi aliyotafutiwa kwa sababu katika kazi hiyo kuna mgomo, au kwa sababu mshahara wake ni wa chini kuliko uliozoeleka katika wilaya ile, hakudhuriwa kwa kukataa kwake. Maana yake ofisi haikukubali kuwa mtego wa kushusha mishahara, wala mlango wa nyuma wa kuvunja migomo. Mwenye kazi na mtafuta kazi wote wawili waliweza kuingia humo bila hofu.

Mwaka 1911 ikatungwa sheria ya bima. Wafanyakazi wa kazi chache, kama ujenzi, uundaji wa meli na uhandisi, walilipa fungu lao, waajiri lao, na serikali lake. Na mtu akikosa kazi alipewa shilingi 7 kwa juma, kwa muda usiozidi majuma 15 katika mwaka. Ofisi ndiyo iliyothibitisha kwamba kweli hana kazi, na kwamba haipo ya kumpa. Hapo daftari lilipata nguvu, na pia lilipata ugonjwa wake. Katika miaka ya shida iliyofuata mwaka 1929, watu wasio na kazi walipokaribia milioni 3, ofisi zile zikawa mistari mirefu ya kungojea fedha, na karani aliyewekwa kutafuta kazi akawa mtu wa kugonga muhuri. Ofisi haizai kazi. Yaweza kufupisha njia iliyo kati ya mtu na kazi iliyopo. Kazi isipokuwapo, hata daftari zuri namna gani halitaileta.

Tena ajabu ni hii: bandari, ambako fikira yenyewe ilizaliwa, zilikuwa za mwisho kufuata. Waajiri wa gati walipenda malango yao, na makuli nao waliogopa kuandikwa wasije wakaachwa nje ya orodha. Mpango wa kudumu wa kuwaandikisha kwa nchi nzima ulikuja mwaka 1947. Waliopata kusoma habari za makuli wa Mombasa, waliogoma Januari mwaka huo huo wa 1947, watatambua kwamba ugonjwa wa lango haukuwa wa London peke yake.

Sasa turudi kwetu, maana sisi nasi tulikuwa na ofisi za kutafuta watu wa kazi, ila za namna nyingine. Wazee wanalikumbuka jina la manamba. Wenye mashamba ya mkonge wa Tanganyika, wengi wao katika Jimbo la Tanga, walihitaji watu kuliko waliopatikana karibu. Mwaka 1944 chama chao kilianzisha ofisi ya kuwaandikisha watu kutoka mbali, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Watu walitoka Kigoma, Njombe, Songea, na hata Ruanda-Urundi, wakapewa namba, wakasafirishwa kwa magari na treni kwenda mashamba ambayo hawakuyajua. (Tanga hiyo hiyo, wanachama watakumbuka, ndiko akina Martin Kayamba walikoanzisha mwaka 1922 chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Mji mmoja ulilea daftari mbili.)

Tusiseme uongo juu ya ofisi ile: kazi ilikuwako, na watu waliipata. Nauli ililipwa, na njiani watu walipewa chakula. Kwa kupima haraka twaweza kusema ilifanya lile lile la London. Lakini ulizeni ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya wenye mashamba. Mtu wa Kibondo hakuulizwa kama yeye ni mhunzi au mwashi. Aliulizwa kama ana nguvu. Hakusomewa orodha ya mashamba na mishahara yake ili achague. Daftari lilijua kila kitu juu yake, naye hakujua kitu juu ya daftari.

Na Kenya ilikuwa na karatasi nzito zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya vita vile vya kwanza, kila mwanamume Mwafrika alipaswa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, akikining'iniza shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Mwajiri ndiye aliyeandika humo tarehe ya kuingia na ya kutoka. Asipotia sahihi ya kutoka, mtu hakuweza kuajiriwa kwingine, na akiondoka hivyo hivyo alishitakiwa kuwa mtoro. Basi iko karatasi inayomfungulia mtu mlango, na iko inayoufunga, na kwa kuzitazama juu juu zote zafanana: jina, umri, kabila, kazi, mshahara.

Shirika la Kazi Duniani lilitambua mapema tofauti hii. Mkataba wake wa pili kabisa, wa mwaka 1919, ulitaka kila nchi itakayouridhia iwe na ofisi za umma zisizotoza ada, pamoja na kamati za ushauri zenye wajumbe wa waajiri na wa wafanyakazi. Mkataba wa 88, wa mwaka 1948, ukaeleza kazi ya ofisi yenyewe: kuwaandikisha watafutao kazi, kuzungumza nao na kupima uwezo wao, kupata kwa waajiri habari kamili za nafasi zilizo wazi, na kupelekeana habari hizo baina ya ofisi na ofisi. Nchi zetu nazo zimetunga sheria. Tanzania ilikuwa na sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira, na mwaka 2008 ikaanzisha Wakala wa Huduma za Ajira. Kenya ilitunga yake ya Mamlaka ya Ajira ya Taifa mwaka 2016. Siku hizi daftari limo katika kompyuta, na kijana aweza kujiandikisha kwa simu akiwa Sumbawanga. Ni maendeleo ya kweli, wala hatuyadharau. Ila kompyuta huhifadhi kile kilichoandikwa, na hapo twafika mezani pa karani.

Aingia kijana. Karani auliza: wataka kazi gani? Kijana ajibu: kazi yoyote. Karani aandika, “Kazi yoyote,” na amwita anayefuata. Mabwana, kijana huyo amekwisha kupotea. Hapana mwajiri duniani anayekuja kutafuta mtu wa kazi yoyote. Huja kutafuta mtu wa kupanga ghala, wa kupaka rangi, wa kuendesha pikipiki ya mizigo, wa kupokea wageni. Basi neno hilo lisiandikwe. Muulizeni mwaka jana mikono yake ilifanya nini. Atasema hakuwa na kazi, alikuwa akimsaidia mjomba dukani tu. Katika hilo “tu” mna mambo mengi: alipokea mali, aliihesabu, aliandika madeni, alikaa na funguo. Dakika kumi za maswali zampa mtu sifa ambazo hakujua kuwa ni zake. Binti aliyeuguza bibi yake miaka miwili hatasema kwamba ana ujuzi, maana kwake huo ulikuwa wajibu wa nyumbani.

Na mwajiri aulizwe vile vile. Asema ataka “mtu mwaminifu, mwenye bidii.” Nani asiyemtaka huyo? Aulizwe saa za kazi, mshahara, zana, kama mtu atalala huko, na aliyekuwapo kabla aliondoka kwa nini. Swali hili la mwisho waajiri hawalipendi, nasi twaona ndilo lenye faida kuliko yote. Isitoshe, ofisi isikae ikingoja. Mwajiri mwenye nafasi nzuri humwita ndugu yake kwanza. Ofisi inayongojea itabaki na nafasi zilizokataliwa na ndugu wote. Ndiyo sababu wafanyakazi wengi wa Uingereza waliziona ofisi zile kuwa za watu wasio na ufundi: sheria haikumlazimisha mwajiri kupeleka nafasi zake huko. Karani hana budi kutoka, kubisha milango, na kujulikana na wasimamizi wa viwanda na mahoteli kwa jina.

Limebaki lile gumu, nalo ni ndugu zetu wenyewe. Karani akimpeleka shemeji yake kwenye kazi ya ufundi bomba, na shemeji hajui bomba, mwajiri hatamlaumu shemeji. Ataacha kuiletea ofisi nafasi, na mafundi kumi walio katika daftari watakaa nyumbani bila kujua ni kwa nini. Huo ni wizi ambao hapana mkaguzi atakayeuona katika vitabu. Na bakshishi ni mbaya zaidi, kwa sababu ada iliyofutwa na sheria hurudishwa na mkono mmoja chini ya meza. Mtu akishajua kwamba kwenye ofisi ya serikali hulipwa kitu, ataona afadhali amlipe wakala wa mjini, ambaye angalau ana haraka.

Mawakala hao nao si wote wabaya. Wako wanaofanya kazi kwa leseni na kwa haki. Lakini tazameni wasichana wanaokwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kwa kazi za nyumbani. Wengi hupelekwa na mawakala, na mara nyingi imesikika habari ya pasi za kusafiria kukaa mkononi mwa mwajiri. Kipande cha shingoni kilikwisha kufutwa, na wengine wamekipata tena katika umbo la kitabu kidogo. Mkataba wa 181 wa mwaka 1997 wasema kwamba wakala wa binafsi asimtoze mtafuta kazi ada, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Lakini msichana wa kijijini atajuaje hilo, kama ofisi ya wilaya haikumwambia kabla hajatia sahihi?

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano maombi mawili, yajadiliwe na yaandikwe katika kumbukumbu. Kwanza, wanachama walio katika ofisi za wilaya watenge asubuhi moja kila juma, iliyotangazwa msikitini, kanisani na sokoni, ya kuwasomea watu mikataba ya kazi kwa Kiswahili kabla hawajaitia sahihi, bila malipo. Pili, katika kila ofisi ubandikwe ukutani orodha ya nafasi za juma lile, pamoja na mshahara wa kila moja, mahali ambapo mtu aliyesimama mstarini aweza kuisoma mwenyewe bila kumwomba karani. Mbao za kubandikia zaweza kutengenezwa na fundi yeyote wa mtaani, na gharama yake Mweka Hazina ameahidi kuileta katika mkutano ujao.