ALAMA ZA NDEGE ZA JESHI LETU

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo wa Kapalamsenga)



Leo tunasoma maandishi yasiyo kitabuni. Ndege ya jeshi ikipita unasikia ngurumo, unatazama juu. Je, ni yetu au ya watu wengine? Utaijua kwa rangi na herufi zilizopakwa kwenye mabawa, ubavuni na mkiani. Kwa askari aliye chini na mzinga wake, jibu lake ni uhai au kifo cha rubani.

Mambo haya yalianza mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza huko Ulaya. Ndege zilikuwa ngeni. Askari wa chini walipiga risasi kila kilichoruka, hata ndege za wenzao. Waingereza wakachora bendera yao kwenye mabawa. Lakini bendera ile ina msalaba, na Wajerumani nao walikuwa wamechora msalaba mweusi. Kwa mbali, msalaba ni msalaba tu! Basi wakaiga Wafaransa, waliokuwa wanachora duara ndani ya duara. Wafaransa waliweka buluu katikati na nyekundu nje. Waingereza wakageuza, nyekundu ikakaa katikati. Tangu hapo nchi nyingi hutumia duara.

Hata Ziwa Tanganyika liliona vita ya ndege. Mwaka 1916 Wabelgiji wa ng'ambo ya Kongo walikuwa na ndege zinazotua majini. Zikapiga mabomu Kigoma, zikiitafuta meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli hiyo mnaijua. Wajerumani waliizamisha wenyewe, baadaye ikaopolewa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Jeshi letu la anga ni la juzi tu. Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kufundisha urubani walianza Wajerumani wa Magharibi. Hawakukaa. Mwanzoni mwa 1965 walikasirika kwa kuwa Tanzania iliwaruhusu Wajerumani wa Mashariki kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam. Wakaondoa msaada wao wa kijeshi. Mwalimu Nyerere hakuwabembeleza, na mimi naona alifanya vema: mtu akikuazima jembe, asikuchagulie na rafiki. Wakaja Wakanada, wakafundisha mpaka 1970, na ndege za mizigo za Otter na Caribou. Halafu Wachina. Hao walitusaidia kujenga kiwanja cha Ngerengere, mkoani Morogoro, na kutupatia ndege za kivita.

Walimu wa nchi tatu, lakini rangi si za mwalimu yeyote. Ni za bendera yetu, tuliyoipata mwaka 1964 baada ya Muungano. Kijani ni mimea ya nchi, nyeusi ni watu wake, buluu ni maji, njano ni madini. Hapa Kapalamsenga tuna shaba ardhini na ziwa kwa jirani, basi rangi hizo hatuhitaji kuelezwa sana. Herufi ni JW, kisha namba. JW ni Jeshi la Wananchi. Aliyemaliza kitabu cha kwanza cha kisomo anazisoma bila taabu.

Lakini rangi peke yake haitoshi. Mwaka 1978, katika Vita vya Kagera, walinzi wetu wa kutungua ndege hawakuambiwa kwamba ndege za Tanzania zitapita. Wakaangusha tatu, wakidhani ni za Idi Amin. Zilikuwa na alama zetu, lakini nani angeziona? Ndege ya namna ile inapita kabla hujamaliza kusoma herufi moja. Kwa hiyo majeshi hutumia pia chombo kinachoiuliza ndege kwa mawimbi ya redio, nayo inajibu yenyewe ni ya nani. Isipojibu, ndipo askari anaanza kuwa na wasiwasi.

Haya, mwenye swali anyooshe mkono.