Vigae Havitupwi: Hotuba ya Kikundi cha Akina Mama Wafinyanzi





Mwanzoni mwa mwaka 2008 tulivuka mpaka wa Busia na Malaba tukikimbia vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya. Tulipokewa Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kuletwa hapa Kiryandongo. Mahema tulipewa, chakula tulipewa. Kazi hatukuwa nayo. Mama mmoja wa Busitema, upande wa Busia, ndiye aliyetufunza kwamba mali ghafi ya chungu haihitaji kununuliwa, hutengenezwa nyumbani.

Kwanza tuliomba ruhusa kwa wenye bonde. Tulipomaliza kuchimba tulifukia mashimo, ng'ombe na watoto wasitumbukie. Udongo tuliuanika, tukauponda, tukauloweka siku tatu, tukauchuja kwa kitambaa, tukauacha juu ya magunia hadi ukakazana.

Hata hivyo vyungu vya kwanza vilipasuka kabla ya kuona moto. Udongo mtupu hunywea mno ukikauka. Basi tukajifunza kupima: finyanga kipande, chora mstari wa sentimita 10. Kikikauka, mstari ukiwa chini ya sentimita 9, udongo unahitaji kupunguzwa nguvu.

Vingine vilitoka motoni vizima, na siku chache baadaye vikabanduka vipande. Tororo ni nchi ya mawe ya chokaa. Ndiyo yaliyofanya kiwanda cha saruji kijengwe huko miaka ya 1950. Punje ya chokaa iliyochomwa hunywa unyevu, huvimba na kukibandua chungu. Siku hizi tunadondoshea udongo siki. Ukitoa povu, tunauacha.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Wengi huucheka umaskini wake, lakini gae ndilo akiba yake. Vigae vilivyochomwa havinywei tena. Tunavitwanga kinuni, tunachekecha, tunachanganya sehemu moja ya unga huo kwa sehemu nne za udongo.

Ndugu Mwenyekiti, tuna maombi mawili. Kamati itutengee mahali pa kuchomea, mbali na nyumba za nyasi. Na kila nyumba ituwekee vyungu vilivyovunjika, isivitupe.

Udongo wa Busitema hatukuupakia kwenye lori. Tulikuja na maarifa, na binti zetu wameanza kuyashika.