Kukadiria Thamani ya Nyumba kwa Gharama ya Kuijenga
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Bukoba)



Nimeombwa ninene juu ya jambo ambalo wengi wetu twalikuta mezani katika karatasi za fidia, za mikopo na za mirathi, nalo ni kukadiria thamani ya nyumba ya kukaa watu kwa gharama ya kuijenga. Kazi yenyewe ni ya mthamini aliyesajiliwa, wala hatumnyang'anyi. Lakini vipimo, umri wa nyumba na habari za matengenezo aghalabu hupita mikononi mwa karani, na hesabu yote husimama juu ya maandishi hayo.

Yafaa kwanza tujue kwa nini njia hii hutumika sana kwetu. Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zaagiza kwamba thamani ni bei ya soko, nayo hupatikana kwa kulinganisha na mauzo ya karibuni ya mali zilizo sawa, ama kwa mapato ya mali, ama kwa gharama ya kuijenga upya pale ambapo mali ni ya namna ya pekee na haiuziki. Mjini Bukoba, kama Kashai au Hamugembe, nyumba huuzwa na kupangishwa, basi mlinganisho waweza kupatikana. Lakini nenda Nshamba au Kamachumu ukaulize nyumba ya kibanjani iliuzwa kwa bei gani. Kibanja kina kahawa, migomba na makaburi ya wazee. Mwenyewe hakiuzi ila amebanwa na shida, na bei ya mtu mwenye shida si kipimo cha soko. Hapo ndipo mthamini humrudia fundi na kumwuliza: nyumba kama hii leo yajengwa kwa fedha ngapi?

Natoa mfano kwa tarakimu za kufundishia tu, msizichukue kuwa bei za leo. Nyumba ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, yaani mita 80 za mraba. Tuseme ujenzi wa namna hiyo, matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji na mabati, hugharimu shilingi 400,000 kwa kila mita ya mraba. Kuijenga upya ni shilingi 32,000,000. Nyumba imekaa miaka 15, na kwa kadirio itadumu miaka 50 kwa jumla. Basi sehemu 30 katika 100 zimekwisha kuliwa na umri. Huo ndio uchakavu. Ukatwapo, yaani shilingi 9,600,000, husalia shilingi 22,400,000, kisha thamani ya ardhi huongezwa mbali. Zamani ardhi tupu haikuhesabiwa, ila yale yaliyofanywa juu yake; Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilikuja kutamka kwamba haki katika ardhi ina thamani.

Sasa tazameni neno dogo. Mwenye nyumba hii alibadilisha mabati na kenchi miaka mitatu iliyopita, akapiga lipu mpya. Mthamini akijua hayo aweza kuihesabu nyumba kuwa ya miaka 10 badala ya 15, na uchakavu ukashuka kuwa shilingi 6,400,000. Tofauti ni shilingi 3,200,000, nayo yatoka katika mstari mmoja wa fomu, ule wa matengenezo, ambao mara nyingi huachwa wazi kwa kuwa karani alichoka au mvua ilikuwa yanyesha. Nami naona mstari huo wapasa kujazwa mbele ya mwenye nyumba, tena aulizwe kwa lugha anayoifahamu.

Lakini swali kubwa ni kama uchakavu yafaa kukatwa wakati wote. Anunuapo mtu nyumba ya miaka 15 kwa hiari yake, ni haki alipe pungufu, maana apata kitu kilichotumika. Yule anayehamishwa kwa ajili ya barabara au kazi nyingine ya umma hakuomba kuuza. Apewa shilingi 22,400,000, naye dukani hapati mabati ya miaka 15 wala saruji iliyochakaa. Vyote hununua vipya. Ajenge nini? Aidha atapunguza chumba, aidha atasimamisha kuta na kuezeka nusu. Wako wasemao kwamba akipewa gharama yote amepata faida, kwa kuwa nyumba mpya itadumu kuliko ile ya kwanza. Ni kweli kwa hesabu. Lakini faida hiyo ataiona baada ya miaka 35, na paa alihitaji leo.

Jambo hili si la kuwaza tu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima katika Uganda hata Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo zimo nchini mwetu. Njia yake yapita katika mkoa huu, Muleba ikiwa mojawapo. Mradi ule uliahidi kufuata masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, ambayo yataka mtu alipwe gharama kamili ya kurudisha mali yake, bila kukata uchakavu. Hivyo katika wilaya moja mtu aweza kuona nyumba ikihesabiwa kwa kanuni mbili, kwa kadiri ya nani anayeitwaa ardhi. Wananchi watatuuliza, nasi hatuna budi kuweza kuwaeleza tofauti ilipo.

Pia gharama yaweza kudanganya kwa upande wa pili. Mwajua desturi yetu: mtu afanya kazi Dar es Salaam, ajenga kwao Muleba nyumba ya vyumba vinane na vigae, hulala humo juma moja la Krismasi. Gharama ni kubwa, na mnunuzi kijijini hapana. Benki ikipokea hesabu ya matofali peke yake kuwa dhamana ya mkopo, siku ya kunadi itajuta.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye kipimo cha 5.9, lilitufundisha kwamba umri si kipimo cha pekee. Nyumba za miaka michache zilipasuka kuta, na hesabu ya miaka isingeonyesha hayo hata kidogo. Anayekagua na aingie ndani, atazame pembe za madirisha na msingi. Tena gharama ya kujenga upya isimaanishe kurudisha kuta zile zile za mawe na udongo zilizoanguka. Ni ya nyumba itoayo manufaa yale yale kwa ujenzi unaofaa leo, pamoja na mkanda wa zege juu ya kuta.

Juu ya bei za vifaa nasema kwa ufupi. Bei ya duka la Bukoba mjini haifai kwa Bumbire au Goziba, ambako saruji hupakiwa chomboni na mchukuzi kulipwa. Na kadirio likikaa mwaka mzima bila malipo, bei zimekwisha kuondoka mahali pake. Ndiyo sababu kanuni zilitaka fidia ilipwe katika miezi sita, na ikichelewa iongezwe riba.

Mwanachama mmoja aliniuliza kabla ya kikao kama kahawa na migomba huingia katika mita za mraba za nyumba. La, haiingii. Mimea huhesabiwa mbali, shina kwa shina, na makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969. Choo, jiko la nje na tangi la maji ya mvua ni majengo, nayo huandikwa kila moja kwa vipimo vyake. Hayo ndiyo yasahauliwayo mara nyingi katika fomu.