Nani Alipe Deni la Nchi?



Leo twapenda kusema nanyi juu ya deni la nchi. Watu wengi hulisikia likitajwa, wakadhani haliwahusu. Husema, "Mimi sikukopa, wala sikutia sahihi katika hati yo yote, mbona nidaiwe?" Neno hili lina haki ndani yake, wala hatutaki kulidharau. Lakini mfuko wa serikali hujazwa hasa na kodi na ushuru. Kwa hiyo serikali ikikopa, mlipaji wa mwisho ni yule yule anunuaye sukari na nguo dukani. Wahenga walinena, kukopa arusi, kulipa matanga. Na katika matanga hayo sote tumo.

Basi, raia wa kawaida aweza kufanya nini? Na tutazame habari za Korea, maana watu wake walijaribiwa kwa jambo hili mara mbili.

Katika mwaka 1907 Korea ilidaiwa won 13,000,000, na won ndiyo fedha ya nchi ile. Deni hilo lilitokana na mikopo ambayo Japani iliisukuma serikali ya Korea kuichukua. Watu wakaona kwamba adaiye fedha leo, kesho atadai nchi. Katika mji wa Daegu Bwana Seo Sang-don na Bwana Kim Gwang-je wakatoa shauri: watu wote, nao walihesabiwa kuwa milioni 20, waache tumbako kwa miezi mitatu, na kila mmoja atoe jeon 20 kwa mwezi. Jeon 100 ni won moja. Pigeni hesabu wenyewe: zapatikana won 12,000,000, na wenye mali waliombwa wazidishe ili kufidia pungufu. Wanaume wakaweka viko vyao chini, wanawake wakatoa pete na vipini vya nywele, na magazeti yakachapa majina ya watoaji, ili kila mtu aone kwamba fedha yake imefika.

Lakini kazi hiyo haikufika mwisho. Wajapani waliokuwa wakiitawala Korea kwa mkono wa nyuma waliichukia. Mwaka 1908 Bwana Yang Gi-tak, mmoja wa wakuu wa gazeti lililopokea michango, alikamatwa kwa shtaka la kula fedha hizo. Mahakama ilimwona hana hatia, lakini shaka ilikwisha kupandwa, na michango ikafifia. Mwaka 1910 Japani ikaitwaa nchi yote. Hapa twajifunza kwamba mchango hukaa katika imani kama maji yakaavyo mtungini. Mtungi ukipata ufa, waweza kuteka mchana kutwa usipate kitu.

Ikapita miaka 90. Korea Kusini ilikuwa imetajirika kwa viwanda, lakini mabenki na makampuni makubwa yalikopa ng'ambo kupita kiasi. Mwishoni mwa mwaka 1997 fedha za kigeni zilikaribia kwisha katika hazina, na serikali ikaliendea Shirika la Fedha la Kimataifa kuomba mkopo. Makampuni yakafilisika, na watu zaidi ya milioni moja wakawa hawana kazi. Kama raia wangesema, "Waliokopa ni matajiri, na walipe wao," nani angewalaumu?

Lakini mwezi wa Januari 1998 walipanga safu mbele ya mabenki, mikononi wana dhahabu: pete za ndoa, nishani, na vipete vidogo ambavyo mtoto hupewa atimizapo mwaka wa kwanza. Dhahabu ilipimwa, mwenyewe akapewa hati, kisha ikayeyushwa na kuuzwa ng'ambo. Wengi hawakuitoa bure. Walilipwa baadaye kwa fedha ya nyumbani, nayo nchi ikapata dola. Watu wapata milioni tatu na nusu walileta tani 227 hivi, zenye thamani ya dola zaidi ya milioni 2,000.

Tusidanganyane. Shirika lile lilikuwa limekopesha dola wapata milioni 19,500. Basi dhahabu yote ilikuwa sawa na fungu moja tu katika tisa. Mkopo ulikwisha kulipwa mwezi wa Agosti 2001, kabla ya wakati wake, kwa nguvu za viwanda na biashara ya ng'ambo, na kwa taabu ya wengi walioachishwa kazi. Pete peke yake hazikuweza.

Hata hivyo twaona kwamba pete zile zilifanya kazi ambayo fedha haifanyi. Dunia iliona kuwa watu wale wako pamoja na nchi yao. Na wale waliokopa ovyo hawakuweza tena kusema kwamba deni ni mambo ya maofisini tu.

Dawa ya deni ni kulipa, wala hatumwambii mtu akwepe kodi yake. Ila kulipa kuna pande mbili. Mwananchi na atoe lililo lake. Na ashikaye mfuko na aweke hesabu wazi, aseme amekopa kiasi gani, kwa kazi gani, na kimebaki nini. Mama aliyetoa kipete cha mwanawe ana haki ya kuuliza kimekwenda wapi, na aliyekipokea hana haki ya kunyamaza.